Macho Wazi Katika Usingizi wa Ketamini

Nilimwahidi bibi mmoja wa Kitandililo kwamba sitamchoma mjukuu wake sindano ya usingizi mara ya pili kabla bibi mwenyewe hajaielewa dawa hiyo. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini Makambako, nikiwa mtaalamu wa usingizi niliyetoka tu chuoni. Sina mvi bado. Lakini mwezi ujao naacha chumba cha upasuaji niende kufundisha Njombe, hivyo naandika kama wastaafu waandikavyo.

Mtoto, Upendo, alikuwa ameungua mguu jikoni. Nilimpa ketamini, kidonda kikasafishwa, akatolewa angali usingizini, macho wazi, yakielekea darini. Mama yake nilikuwa nimemweleza kwamba ingekuwa hivyo. Bibi alifika baadaye. Alinyoosha kiganja akayafumba macho hayo, kama tufumbavyo ya marehemu. Yakafunguka. Ndugu wakaangua kilio.

"Anapumua, bibi," nilisema.

"Basi alikuwa anasikia kisu! Harudi humo tena."

Bila usafishaji wa pili, mguu ungeoza. Mganga mfawidhi aliniita kando. "Wewe uliyesomea dawa na protini za ubongo, kamweleze. Usimtishe kwa maneno ya chuo."

Nikaketi naye kwenye benchi. "Kamwene, bibi," nilimsalimia kwa lugha ya kwao. Nilimweleza kwamba seli za ubongo hupeana ujumbe kwa kemikali iitwayo glutameti, na huipokea kwa protini ziitwazo vipokezi, zenye tundu katikati. Vipokezi hivyo ni ndugu wa ukoo mmoja. Katika aina ya NMDA, inayosaidia kupitisha maumivu, tundu lina asidi amino, yaani tofali la protini, iitwayo asparajini. Hapo ketamini hunasa na kuziba. Katika aina ya AMPA, mahali hapohapo pana asidi amino nyingine.

"Dawa inajuaje pa kuziba?"

"Haijui. Mpini wa jembe lako ukiutia kwenye jembe la jirani, inakuwaje?"

"Unapwaya."

"Na dawa hupwaya humo. Ubongo hauzimiki wote. Mtoto hupumua, macho hubaki wazi, ila hasikii kisu."

"Kumbe miaka yote hiyo chuoni mlikuwa mnafundishwa mipini!" Akacheka kidogo. "Kamchome. Nitakaa mlangoni."

Upendo alipotolewa mara ya pili, macho yalikuwa wazi vilevile. Shangazi yake akafungua kinywa alie. Bibi akamshika mkono.

"Nyamaza. Mpini umeshika."

Mguu ulipona. Wewe unayeanza kazi hii, nakuomba: kabla ya kuchoma sindano, waeleze ndugu wote walioko ukumbini, si mama peke yake, kwamba macho huenda yakabaki wazi.