Fukusi Aliyezikwa Mezani pa Seminari

Safari yenyewe ilikuwa ya viatu. Jumapili kaka yangu Petro angevishwa kanzu katika seminari kule Thika, na Mama aliapa mwanawe hatasimama altareni na miguu iliyopasuka kama yetu sisi wachuma kahawa. Nikatumwa nivipeleke.

Asubuhi nilitoka Ruiru juu ya lori la magunia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliangalia pasi yangu ya kusafiria, kisha viatu. "Vya nani hivi?"

"Vya padre mtarajiwa, afande."

Akavipekua mpaka ndani penye vidole, labda akitafuta bunduki, akaturuhusu.

Saa sita nilikuwa Thika, nimemkabidhi Petro viatu na kuketishwa mezani kando yake. Kule wanakula kimya, mmoja akiwasomea maisha ya watakatifu. Kwenye maharagwe yangu nikaona mdudu fukusi amekufa. Nikamlaza ukingoni mwa sahani, nikamfanyia ishara ya msalaba, nikamnyunyizia maji. Petro akapasuka kwa kicheko, maharagwe yakamtoka puani.

Anayecheka hupiga magoti katikati ya chumba na kubusu sakafu. Petro akabusu. Nje akanishika bega. "Hiyo ni mara yangu ya tatu kubusu sakafu, we mtoto. Ya tatu unafukuzwa."

Utani ukaniisha. Nikakimbilia jikoni kwa Bruda mmoja mzee, nikamuuliza ni sheria gani hiyo.

"Tulianza vijana sita ndani ya stoo ya kahawa," akasema akikoroga sufuria. "Kitabu kilikuwa kimoja. Mmoja anasoma, watano wanasikiliza. Ukicheka, umewanyang'anya kitabu. Nenda kwa Padre Mkuu, sema ukweli."

Nikaenda, nikakiri yote. Padre Mkuu hakutabasamu hata kidogo. "Jioni utasoma wewe. Akicheka mtu yeyote, Petro anarudi na wewe."

Jioni nikasoma. Petro alikodolea sahani yake macho. Nilipofika pale mtakatifu anapowazika ndege wa jangwani, kicheko kikalipuka. Nikafumba macho. Basi, kwisha!

Nilipofumbua, Padre Mkuu alikuwa anatoka kwenye kiti chake, uso mwekundu kama nyanya. Akapiga magoti katikati, akabusu sakafu.

Baadaye akatuita. "Siwezi kumfukuza Petro kwa kicheko changu. Mara zake zote tatu nimezifuta."

Kesho yake nilirudi Ruiru nimelala juu ya magunia, mwepesi kama pamba. Nimejifunza kwamba wale watu wa kanzu wana kicheko kingi kuliko sisi. Wanakibana tu, na kinawauma.