Wimbo wa Unga wa Vita

Sauti ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu: karafuu mbichi zikikwanyuliwa viganjani, tapa, tapa, tapa, kama panya anayetafuna muhogo mkavu darini. Wachumaji wakisharudi na mapakacha yao, sisi wanawake tulikaa mikekani kando ya sakafu ya kuanikia tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na nyimbo juu yake. Mmoja anaanzisha, wengine tunaitikia. Pasipo nyimbo vidole huchoka mapema.

Kijijini kwetu Kengeja, wakati huo nilikuwa mwari, bado sijaposwa. Msahafu nilikwisha hitimu, shule niliionja tu, na kichwa kilinijaa ndoto. Wenzangu wakizungumza vita vya dunia, mie nilikuwa nawaza meli itakayokuja vita vikisha, imejaa mchele na kanga za mitindo mipya, na mimi nimesimama gatini nashindwa kuchagua. Usinicheke. Mchele wa ng'ambo ulikuwa umekatika. Tulikula muhogo, na unga wa njano tuliogaiwa barazani kwa sheha, mkuu wa mji wetu. Unga wenyewe ukiuweka kwenye ungo unatembea kwa wadudu.

Kinara wa nyimbo alikuwa shangazi yangu, Bi Mize. Mwanawe wa pekee, Khamis, alikuwa askari, kaondoka na meli na hatukujua yuko nchi gani. Siku moja shangazi akaanzisha wimbo mpya:

*Unga wa vita una dudu,*
*mchele mweupe umelala kwa nani?*

Nasi tukaitikia kwa vicheko, "Kwa nani? Kwa nani?" Nyumbani kwa sheha harufu ya wali ilikuwa haijapata kukatika, na kila mtu ana pua yake.

Basi mbiu ikapigwa. Sheha akaja akasimama katikati ya sakafu, viatu juu ya karafuu za watu.

"Adui ana masikio," akasema. "Mtu akilalama njaa, adui anapata nguvu. Weye Bi Mize, mwanao yuko vitani, nawe unamnolea adui kisu! Wimbo ule ukiimbwa tena, utalala jela, mjini Chake."

Shangazi hakuinua macho kwenye karafuu zake. "Sheha, adui hafurahi kwa kuwa mie nimesema unga una dudu. Anafurahi kwa kuwa unga una dudu."

Sheha akaondoka zake. Tokea hapo kila mtu alijiuliza: nani kapeleka maneno kwa sheha? Mikeka ikaanza kuachana. Mtu akikohoa, tunamtazama. Mwisho macho yakamwangukia Bi Tatu, ambaye wazee wa mumewe walitoka Bara kuja kufanya kazi mashambani. "Wa kuja huyo," wakanong'ona, na mie nikaona pengine ni kweli. Viberiti vilikuwa adimu wakati wa vita, na moto wa Bi Tatu ulikuwa hauzimiki. Mtaa mzima tulikwenda kwake na vifuu vya nazi kuomba kaa la moto. Sasa watu wakaona heri jiko baridi.

Asubuhi moja nilimkuta kisimani peke yake. Alinitazama kwanza kama anayepima, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mie nimeona kitu pwani. Chuma, duara, kikubwa kuliko sufuria ya pilau la harusi, kina pembe pembe. Kimekwama kwenye mikoko pale tunapookota chaza."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Nikisema, mtasema nimekileta mie. Nikiogopa, nimempa adui nguvu."

Kesho yake ilikuwa bamvua, maji yanatoka mbali, na wanawake wote tungekuwa pwani na vyuma vyetu vya kuchokolea chaza. Nilikimbia kwa shangazi. Tukaenda kwa sheha, mimi nimejibanza mgongoni kwa shangazi.

"Habari za dude hilo nimeshazipata," sheha akasema. "Fungeni midomo. Watu wakijua dude la adui limefika pwani yangu, watasema hatulindwi. Hofu hiyo ndiyo anayoitaka adui."

"Na kesho mmoja wetu akiligonga, likalipuka?"

"Mungu atawalinda."

Alasiri tulipokaa kuchambua, shangazi akajifunga kanga kiunoni kama mtu anayejitayarisha kwa safari, akaanzisha:

*Mikokoni kuna chuma kina pembe,*
*kesho pwani msende, msende!*

Nilisikia karafuu tu, tapa, tapa, halafu hata hizo zikanyamaza. Kila mmoja alimwangalia jirani yake: huyu ndiye atakayepeleka? Shangazi akarudia wimbo.

"Hatwendi!" Alikuwa Bi Tatu, kule mwisho wa sakafu alikotengwa. "Hatwendi! Hatwendi!"

Ndipo wote tukaitikia, hata makuti ya banda nadhani yalisikia. Sheha akaja mbio, pindo la kanzu mkononi.

"Bi Mize, nilikuonya!"

"Nipeleke Chake, baba. Lakini tupitie pwani kwanza, ukakae juu ya dude lako nikuone."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kwa ukali, "Na leo nani kakupelekea maneno, sheha?"

"Nani anipelekee? Nyinyi mnasikika mpaka barazani kwangu!"

Shangazi akatugeukia. "Mmesikia? Sauti yangu mie inafika hata kijiji cha pili, Mtambile, nanyi mnamtafuta mpelekaji."

Sheha alimtazama, akatutazama, akaona hatuondoki. Akatuma mtu Chake. Wakaja watu wa serikali, wakatuamrisha tukae mbali, wakalilipua lile dude. Milango ya mji mzima ilitikisika. Shangazi hakupelekwa popote. Ule mchele hata leo sijui kwa hakika ulilala kwa nani.

Mwanangu, akija mtu kukwambia unyamaze ili adui asifurahi, mtazame vizuri kwanza. Uliza anakificha nini, na nani ataumia kikifichwa. Sikwambii kila anayelalamika anasema kweli. Wapo wazushi, na neno la uzushi huua. Lakini anayesema ukweli ili watu wapone hajamsaidia adui. Anayemsaidia ni yule anayetufanya tuogopane mkekani. Mola akupe ulimi mkweli na moyo usiomdhania jirani ubaya, akuepushe na vita usivione hata kwa mbali. Amin.

Jioni ya siku dude lilipolipuliwa, nyumbani kwetu moto ulikuwa umezimika. Nilichukua kifuu cha nazi bila kumwambia mtu, nikapita mbele ya mabaraza yote macho ya watu yakinifuata, nikapiga hodi kwa Bi Tatu, nikaomba moto.