Saa Mbili za Kunyamaza Mbele ya Kamati

Kanuni ya kwanza ya chuo niliyoielewa sawasawa ilinihusu mimi: anayemsindikiza mlalamikaji haruhusiwi kusema neno. Mimi, muuza viatu vya mitumba wa Keumbu, ambaye sauti yangu hufika Masimba bila simu, niliwekwa kwenye kiti cha plastiki nikaambiwa ninyamaze. Mume wangu hajaamini mpaka leo.

Niliyemsindikiza alikuwa jirani yangu wa dawati katika masomo ya jioni, mpishi wa shule, mzaliwa wa Nyamache aliyeolewa Nyamira. Mwalimu wetu mmoja alikuwa amezuia alama zake. Alipomfuata ofisini kuziulizia, mwalimu alifunga mlango na kuanza mambo yake. Rafiki yangu alipotishia kumshtaki, yule bwana alicheka.

“Nenda,” akamwambia. “Utaenda kusema nini mbele ya wazee?”

Alijua alipomfunga. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima inayomzuia mtu kutaja mambo ya mwili mbele ya watu wa rika la wazazi wake, sembuse wakwe. Alishtaki hata hivyo, na kwa kuwa mwalimu alikuwa amekana yote kwa maandishi, kamati ya nidhamu ya chuo ilitaka kumsikia rafiki yangu kwa kinywa chake mwenyewe. Asiposema, shauri limekufa, alama zimekwama, cheti hakipo.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Wajumbe walikuwa watano, na faili mezani ilikuwa nene kiasi cha kumkalisha mtoto afikie sahani. Mara rafiki yangu akajificha nyuma ya bega langu. Kwenye kiti cha pili alikaa mdogo wa baba mkwe wake, mzee wa kanisa, aliyeteuliwa kuwakilisha wananchi. Hakuna aliyejua kuwa ni jamaa.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, akasoma ukurasa wa kwanza wa kanuni: mjumbe yeyote mwenye uhusiano na upande wowote ajitoe, na wanaobaki, wakiwa watatu au zaidi, waendelee.

Mzee akachukua kofia yake.

“Huyu ni mke wa mtoto wetu. Nitakaa nje.”

“Hapo mlangoni, mzee?”

“Hapana. Mbali na dirisha.”

Nilipigwa na butwaa. Aliyeandika kanuni zile, kwa Kiingereza kigumu kama mahindi makavu, naapa hajawahi kusikia chinsoni. Lakini alikuwa ameiachia mlango wa kutokea.

“Mama, utatumia lugha gani?” mwenyekiti akauliza. “Ekegusii, Kiingereza, chagua tu.”

“Kiswahili.”

Nusura nianguke na kiti changu. Kiswahili chake tulikuwa tumekicheka darasani miaka miwili. Baadaye alinieleza kwamba kwa Ekegusii kila neno la aina ile lingetoka na sauti ya mamake. Ya Kiswahili aliyapata shuleni, hayana mzazi.

Akasema, macho juu ya meza: “Hiyo mwalimu iliweka mkono kwa paja yangu. Ikasema, alama yako iko chini ya hii mkono.”

Hakuna aliyecheka. Karani alimwomba tu arudie polepole ili aandike. Akarudia, neno kwa neno. Mimi ningezimia mara saba. Mwalimu alikuwa upande wa pili, na kanuni zilimtaka aulize maswali yake kupitia kwa mwenyekiti tu. Yeye aliyekuwa hodari wa maswali ofisini kwake, akasema hana swali.

Tulipotoka, mzee alikuwa chini kabisa karibu na lango, ametupa mgongo.

“Umemaliza?” akauliza bila kugeuka.

“Nimemaliza, baba.”

“Basi nendeni mkanywe chai.”

Hajawahi kuliuliza jambo lile tena.

Barua ilikuja baada ya majuma kadhaa. Nilimsomea kibandani kwangu, katikati ya viatu: mwalimu ameachishwa kazi, karatasi ya mtihani ya mlalamikaji isahihishwe upya na mtu mwingine. Akanitaka nisome tena hapo kwenye karatasi. Nikasoma mpaka wateja wakaanza kujipimia viatu wenyewe.

Tulihitimu pamoja, majoho yakituburuza. Alama zake zilizidi zangu, na ninakiri, siku hiyo pia nilikosa la kusema.