Tumbaku ya Mama Mkwe

Nilipoolewa kijijini Nambis, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba nikae na mama mkwe mpaka mavuno, kisha nimfuate Arusha, alikokuwa fundi wa ujenzi. Mama mkwe alikuwa mjane na alivuta kiko. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa uzee. Kiko aliweza kukishika, ila hakuweza tena kupima tumbaku kwa kuigusa. Kazi hiyo ikawa yangu.

Mwanzoni niliiharibu. Tumbaku ilitoka Balangdalalu, kwao mama mkwe, majani makavu yaliyosokotwa kama kamba. Niliikatakata, nikaitia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, nikaiweka karibu na mtungi wa maji ili isikauke. Ulikuwa msimu wa baridi, nguo tulizofua zilikuwa hazikauki. Nilipofungua ndoo, tumbaku ilikuwa imeota ukungu mweupe.

Mama aliinusa. "Mwaga," akasema. "Hii itaniumiza kifua."

Hakunigombeza. Alinielekeza upya. Nitumie kibuyu, maana kibuyu kinapumua. Nikitundike ukuta wa ndani, mbali na moto na mbali na maji. Tumbaku ikikauka, nitie humo ganda la kiazi kibichi jioni, asubuhi nilitoe kabla halijaoza. Halafu nichukue kidogo, nikaze ngumi, niachie. Ikibaki donge, imelowa. Ikisagika, imekauka. Ikifunguka polepole yenyewe, nimjazie kiko.

Kiganja changu kilijifunza haraka. Laiti kingekuwa kizito kujifunza.

Mavuno yalipita. Tulipukuchua mahindi, tukaanika maharage, nami nikampigia mume wangu kumuuliza nije lini.

"Mama anasema hakuna aliyewahi kumtunzia tumbaku kama wewe," alisema. Nilisikia anatabasamu. "Vumilia kidogo."

Nikavumilia. Kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe niliingiza mkono kwenye kile kibuyu, na mchana kutwa harufu yake haikunitoka. Hata kanisani nilikaa benchi la nyuma. Wanawake wenzangu walinisifu kwamba mama mkwe amepata mtoto. Niliitikia asante, nikirudi nyumbani nasimama nyuma ya zizi natazama barabara.

Wifi yangu, aliyeolewa Yaeda Chini, alipokuja kutusalimia niliona mlango umefunguka. Nilimwomba akae na mama yake miezi michache tu.

"Kupika nitapika, na kuni nitakata," alisema. "Lakini tumbaku siishiki. Nimeokoka."

"Sikuambii uvute, wifi. Uitunze tu."

"Kuitunza na kuivuta, mimi sioni tofauti."

Akaondoka na ndoo ya maharage.

Mvua zilipokatika nilifunga mizigo yangu bila kumuuliza mtu. Asubuhi niliingia kwa mama na kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda?"

"Ninakwenda Arusha, mama. Jirani atakuja kupika."

"Mimi nilipoletwa huku kutoka kwetu sikuipenda hii baridi," alisema. "Kule unaona ng'ombe wako mpaka mbali. Huku kwa ukungu huoni hata zizi. Nikivuta, kidogo nakuwa kwetu." Akakilaza kiko sakafuni. "Nenda. Nitaacha kuvuta."

Sikujua kama alikuwa ananiruhusu au ananifunga. Nilikwenda.

Mume wangu alinipokea stendi, akanibebea begi, na tulipofika chumbani kwake swali la kwanza lilikuwa, "Nani anamwangalia mama?" Nilimweleza habari za jirani. Nilifagia chumba chake, nikamfulia, nikapanga sufuria vizuri kama mtu anayehamia. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini na tiketi ya basi ya kunirudisha Nambis. Aliongea kwa upole kabisa, nami nikafunga tena mizigo.

Nilimkuta mama ameketi palepale. Jirani aliniambia hakugusa kiko tangu niondoke. Ndani ya kibuyu tumbaku ilikuwa imekauka hadi kuwa unga. Nilimenya kiazi nikiwa bado nimevaa nguo za safari. Siku iliyofuata nilimjazia kiko, akavuta huku amefumba macho.

Krismasi mume wangu alikuja na mabati juu ya lori. Nilidhani ni ya kurekebisha jiko. Alinipeleka nyuma ya shamba, akapima ardhi kwa hatua, akanionyesha sebule itakapokuwa na chumba chetu kitakapokuwa.

"Sasa hutakuwa mgeni kwa mama," alisema. Alifurahi kweli, na alitaka nifurahi.

"Na wewe utakaa huku?" nilimuuliza.

"Nitakuwa nakuja."

Kuta zilipokamilika akaanza kuezeka. Alikuwa juu, akaniomba nimpe misumari. Nikashika ngazi kwa mkono mmoja, nikamnyooshea misumari kwa mkono wa pili, mpaka bati la mwisho likakaa.