Arudi au Asirudi

Aliyemuua baba yangu alikuwa jirani yetu, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Nyumba yake ya tembe na yetu zilitazamana, katikati likiwa shamba la uwele, na mama alikuwa akienda kwa mkewe kuomba moto asubuhi kama wetu ulikuwa umezimika. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa makelele. Alipenda kucheka, na alipenda zaidi kucheka mtu mwingine akiwa amekasirika.

Huku kwetu Kinyangiri, kiangazi kikikaza, mto hubaki mchanga mtupu. Watu huchimba visima katika mchanga huo na ng'ombe hunyweshwa kwa zamu. Mwaka ule baba na jirani walikuwa na kisima kimoja. Baba akawa anapitisha ng'ombe wake kwenye zamu ya jirani. Jirani akamwonya, baba akacheka. Akamwonya tena, baba akacheka tena, safari hii mbele ya watu.

Kama jirani angempiga pale pale kisimani, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini alirudi kwake, akala, akalala, na alfajiri akaenda kumngoja njiani na shoka. Jaji alieleza baadaye kwamba usingizi huo ndio ulioifanya kuwa kesi ya kuua kwa kukusudia. Baada ya kumpiga alikwenda mwenyewe kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe alikuwa ananyolewa, akamwambia angoje kidogo. Akangoja.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana niliyekwisha kuchumbiwa, kwa hiyo hakuna aliyenificha kitu. Kesi ilisikilizwa Singida mjini, kwenye boma la Waingereza. Akahukumiwa kunyongwa. Baadaye alikuja tarishi kutoka boma kutuambia kwamba Gavana ameibadilisha hukumu, sasa ni kifungo cha maisha. Mama akauliza Gavana ni nani. Tarishi akasema ni mkubwa wa nchi nzima, yuko Dar es Salaam.

"Alimjua mume wangu?" mama akauliza.

Tarishi akasema hadhani.

Siku hizo reli ilikuwa inafika mpaka Kinyangiri kwetu. Huyo jirani aliletwa stesheni kuonana na mkewe kabla ya kupelekwa jela ya mbali. Mkewe alimletea uji kwenye kibuyu. Askari akasema mfungwa haruhusiwi kupokea chakula, kisha akaunywa yeye.

Miaka ikapita. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alitaka kumrithi mama kama ilivyokuwa desturi. Mama akamshukuru akasema kazi alizonazo zinamtosha. Wakabaki yeye na mke wa jirani, wanawake wawili wanaotazamana, hakuna mwenye mwanamume. Mvua zilipobomoa paa la mmoja, mwenzake alikuja na udongo wa kuziba. Watu walishangaa sana. Mama akasema shoka lile halikuwa la mwanamke huyu.

Mimi niliolewa hapo hapo kijijini. Vita vya Wazungu vikaja, vikaisha. Kisha wakaja watu wakang'oa reli, chuma chote kikapelekwa kwingine, na tuta lake likawa njia ya mbuzi. Tulikwisha kuzoea kwamba serikali huleta kitu na baadaye hukichukua. Hatukutegemea irudishe mtu.

Siku moja tukaitwa kwenye baraza la mtemi, ukoo wetu wote. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, alikuwa amekuja kutoka Singida, kijana wa Kiingereza ambaye pua yake ilikuwa inabambuka kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, na kwa hiyo kilikuwa kigumu kukifuata. Karani wake akawa anatafsiri kwa Kinyiramba kwa ajili ya wazee na mama.

Bwana Shauri akasema wakubwa wa jela wamemletea habari njema za mfungwa. Tangu aingie hajagombana na mtu. Amebatizwa. Amejifunza useremala mpaka sasa anawafundisha wengine. Serikali inafikiria kumwachilia kwa masharti: akae kijijini kwake, kila mwezi aripoti kwa jumbe, na akimdhuru mtu yeyote arudi kumalizia kifungo. Lakini serikali haitaki kumrudisha mahali ambapo atauawa, au ataua. Ndiyo maana anatuuliza sisi.

Baba mdogo akasimama. "Na ndugu yangu mtamrudisha lini? Tabia yake nayo ilikuwa nzuri."

Bwana Shauri akasema anaelewa uchungu wake. Baba mdogo akasema haelewi.

Mwalimu wa misheni akasema mtu huyu ametubu na Mungu amekwisha kumsamehe. Baba mdogo akasema basi akakae kwa Mungu. Mzee mmoja akakumbusha kwamba zamani ukoo wa muuaji ungetoa ng'ombe na neno lingeisha, lakini serikali ilimchukua mtu na ng'ombe hawakuja. Bwana Shauri akaandika hilo. Sijui aliliandikia nini.

Mwisho akamgeukia mama, akamwomba aseme. Mama alisimama, akajifunga kanga vizuri, akauliza, "Umesema huko hagombani na mtu?"

"Hagombani kabisa."

"Huko kuna ng'ombe?"

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akasema hapana.

"Kuna kisima?"

Akasema maji ya jela ni ya bomba.

"Basi hajatubu bado," mama akasema. "Amepumzika tu."

Baba mdogo alipiga makofi kwa furaha. Bwana Shauri akauliza kama hiyo ni kusema anakataa.

"Sijakataa. Arudi. Akikaa huko hatutajua kamwe."

"Kwa hiyo, mama, umemsamehe?"

Karani alitafsiri polepole, kwa sauti ya upole ambayo Bwana Shauri hakuitumia. Mama akamtazama karani, si mzungu.

"Mwambie hilo hakuniuliza. Aliuliza arudi au asirudi."

Njiani kurudi nyumbani sikuweza kunyamaza. Nilimwambia, "Mama, umetufanya nini?" Akasema, "Huko aliko namwona kila siku ameshika shoka. Akija nitamwona anapalilia." Sikuona kama hiyo ni sababu. Nilimwambia mume wangu kwamba mtu yule akirudi sitapita tena upande ule wa kijiji. Mume wangu akasema sawa, na nikajua kwamba nitapita.

Alirudi mwanzo wa kuiva kwa uwele. Lori lilimfikisha Singida, kutoka huko akatembea. Mimi nilikuwa kwa mama tukipepeta nafaka. Tukaona mtu mwenye mvi anakuja, begani kabeba sanduku la zana, na mkewe amesimama mlangoni kwake upande wa pili anamngoja. Hakwenda kwa mkewe. Alikuja akasimama nje ya ua wetu.

"Hodi."

Kila mtu anajua kinachojibiwa. Mama hakukijibu.

"Nakusikia," alisema.

"Nimerudi."

"Nakuona."

Nilikuwa natazama mikono yake, kwa sababu nilitaka kuona kama inafanana na mikono ya watu. Akasema, "Kama kuna neno unataka kuniambia, mama, nimekuja kulisikia."

"Ndege wanamaliza uwele wa mkeo," mama akasema, akaendelea kupepeta.

Akaenda kwake. Jioni ile tulimwona shambani anafukuza ndege.

Kila mwezi alikwenda kwa jumbe kuripoti. Jumbe hakuwa na la kumuuliza, kwa hiyo akawa anampa viti vibovu avitengeneze. Shule ya misheni ikampa kazi ya madawati. Aliongea kidogo, alisalimia kila mtu, na waliokataa kumjibu aliwasalimia tena kesho yake. Watu wakaanza kusema kweli amebadilika. Mimi nilisema mvua hazijaisha, tungoje kiangazi.

Kiangazi kikafika. Mkewe alikuwa na ng'ombe wachache wa ndugu zake, na kisima kilikuwa kile kile, sehemu ile ile ya mto. Baba mdogo alikuwa amekwisha kurithi zamu ya baba. Akaanza kupitisha ng'ombe wake kabla ya ng'ombe wa jirani. Hakuficha kwamba anafanya kusudi. Jirani alisogea pembeni, akangoja, akanywesha wa mwisho maji yakiwa yamekuwa tope. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa watu wasiokuwa na haja ya maji walianza kuja kisimani.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa pale na ndama wa mume wangu. Jirani alikuwa ametoka kuzoa mchanga uliokuwa umejaa kisimani, koleo bado mkononi. Kisima kikawa kinajaa maji masafi kwa kazi yake. Baba mdogo akawasukuma ng'ombe wake wakaingia. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha baba kabisa. Ndugu hufanana.

Nilimwona jirani anabadilisha mshiko wa koleo, mkono mmoja unateremka chini ya mpini. Na mimi, Mungu ananijua, nilitaka aliinue. Sikumtakia baba mdogo kifo. Nilitaka tu liinuke, hata kidogo, ili niende nyumbani nikiwa nimesema kweli.

Alilichomeka koleo mchangani. Akamwendea mama, aliyekuwa anachota maji kwenye kisima cha pili, akakaa chini mchangani mbele yake kama mtu aliyeishiwa na nguvu.

"Mama," akasema, "nimekasirika. Nimekasirika kama siku ile. Nisaidie."

Mama alimtazama muda mrefu. Katika maisha yangu yote sijaona tena mtu akimtazama mwenzake hivyo, na siwezi kusema kulikuwa na nini ndani yake. Kisha akaweka kata chini, akavuka mchanga mpaka kwa baba mdogo.

"Shemeji, toa ng'ombe wako. Zamu ni yake."

"Unamtetea huyu? Huyu aliyemuua mumeo?"

"Naitetea zamu," mama akasema. "Mume wangu angeiheshimu, tungekuwa naye hapa."

Baba mdogo alitoa ng'ombe wake. Hakuna aliyecheka. Jirani aliinuka, akanywesha ng'ombe wake, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia.

Lile neno la mama liliniuma. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema kwamba baba alikosea, na alikuwa amelisema mbele ya kijiji kizima, mbele ya mtu yule. Sikuzungumza naye mpaka mvua zilipoanza. Yeye aliniletea mlenda mkavu kama kawaida, akauacha mlangoni, akaenda zake.

Baba mdogo alichimba kisima chake mbali zaidi, na mpaka anakufa hakumsalimia jirani. Mimi nilimsalimia. Sikumbuki nilianza lini. Nadhani kulikuwa na msiba mahali, na huwezi kukaa msibani unachagua wa kumsalimia.

Yule Bwana Shauri kijana alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mzima, mwenye haraka, akapita kijijini kuhakikisha habari za yule mfungwa. Akamuuliza mama kama mtu huyu amewahi kumsumbua tangu arudi.

"Mbuzi wa kwake wanakula mtama wangu," mama akasema.

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akauliza kama hilo ni kosa la mfungwa.

Mama akafikiri. Akasema hapana, ni la mbuzi.

Bwana Shauri akapanda gari akaenda. Jioni ile jirani alikuja na miti, akaziba upande wa shamba la mama uliokuwa wazi, na mama akamwonyesha mahali ambapo angetaka mlango uwe.

Watoto wangu walisomea kwenye madawati aliyoyatengeneza. Mdogo wao alirudi siku moja na vumbi la mbao mikononi, akaniambia mzee fundi amemwonyesha jinsi ya kupiga randa. Nikamwambia anawe mikono, ale.