Keki Niliyoivisha Lubugo

Mnicheke mtakavyo, ila mnisikilize kwanza. Mimi napamba keki hapa Kitendaguro. Juzi nilipata kazi ya sherehe ya shukrani Izigo, ya mzee aliyetoka hospitali wakati ndugu walishakata tamaa. Binti yake aliniambia, "Dada, weka kitu cha asili yetu."

Aisingi ya siagi ingeyeyuka njiani, nikachagua fondanti, ile sukari inayokandwa na kusukumwa kama chapati. Nikaitia kakao hadi ikawa kahawia, nikaikwaruza kwa uma, nikaifunika keki yote kwa mikunjo kama lubugo, lile vazi la gome la mti la wazee wetu. Mimi mtoto wa mjini, lubugo nililijua kwenye mikoba ya watalii tu. Nikajisifu kweli!

Sherehe ilipochangamka nikafunua boksi mbele ya mzee, nikichekelea kama bwege. Nyimbo zikakatika. Bibi mmoja akajishika kichwa. Binti akaninong'oneza, "Dada, hilo wazee wanazikwa nalo."

Mzee akagusa ile mikunjo kwa kidole kilichokonda.

"Mwana wange," akaniambia taratibu, "si ungesubiri kwanza nife?"