Sare Iliyodhaniwa Utani

Nasra alifundisha kompyuta chuoni Morogoro, na jioni zake zote zilimezwa na programu moja ya kucheza chesi. Aliitengeneza mwenyewe, kwa Kiswahili, akiota kuiona ikifundisha watoto wa shule za mjini na za milimani Uluguru. Hilo alilitaka kuliko kuolewa, na shangazi zake walikwishakata tamaa ya yote mawili.

Aliyempimia kazi alikuwa Stambuli, mume wa dada yake, mwalimu wa hesabu huko Mikese. Stambuli hakucheza kama watu. Yeye alitafuta vituko. Alipanga malkia watatu upande mmoja, mfalme peke yake kona ya pili, au farasi wanne wamebanana kama mbuzi zizini, kisha akaiuliza programu itafanya nini. Kila ilipoduwaa, alimtumia Nasra ujumbe wa sauti.

Shida ilikuwa utani. Katika ukoo ule mashemeji hutaniana mpaka msibani, na anayenuna amejiaibisha mwenyewe. Stambuli hakuwahi kumwambia Nasra jambo kavukavu. Kosa la kweli na mzaha vilikuja kwa sauti ileile, na Nasra alivitenganisha kwa kukisia. Mara nyingi alipatia.

"Mke wangu mdogo," Stambuli alisema safari moja katika ujumbe wake, "hiyo mashine yako ina majivuno ya kwenu. Mfalme wa mwenzake hatishwi na kete yoyote, ila hana pa kukanyaga. Hiyo ni sare. Yenyewe inapiga vigelegele eti imeshinda! Irekebishe, utakuja kuumbuka."

Nasra alicheka. "Wivu huo, shemeji," akajibu. "Kafundishe watoto wa watu huko." Wala hakuifungua programu kuangalia.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa walimu. Daniel, msimamizi wa michezo wa shule kadhaa, ndiye angeamua programu ichukuliwe au iachwe, na aliketi kucheza nayo mwenyewe. Alizidiwa, akabakiwa na mfalme tu. Akamkimbiza huku na huku mpaka akabanwa pembeni, hana pa kusogea. Skrini ikaandika kwa herufi kubwa: UMESHINDWA.

"Nimeshindwaje?" Daniel akauliza kwa upole. "Nani anamtisha mfalme wangu? Hii si sare?"

Nasra alihisi uso unawaka. Laiti angenyamaza! Badala yake alimnyooshea kidole Stambuli, aliyekaa mstari wa mbele na mkewe, amevaa shati lake la Ijumaa.

"Aliyepima ni Mwalimu Stambuli," alisema. "Hili lilimpita."

Stambuli angeweza kumjibu. Ule ujumbe ulikuwa bado kwenye simu yake. Angeubonyeza tu, ukumbi mzima ukasikia. Alisimama taratibu.

"Ni kweli," alisema. "Nilipitiwa. Naomba radhi kwenu nyote."

Dada yake Nasra aliinamisha kichwa. Daniel alisema kosa si kubwa, likirekebishwa shule zitaichukua programu, na watu wakapiga makofi. Nasra alipata alichokitaka. Alishukuru kwa sauti iliyokauka, akitamani ardhi impasukie, na bado hakuwa na ujasiri wa kusema ukweli mbele ya watu wale.

Aliwawahi Stambuli na mkewe nje, karibu na ngazi.

"Shemeji, nisamehe. Uliniambia, nikadhani unanitania."

"Haina neno, Mwalimu Nasra," Stambuli alijibu. "Makosa mengine nitakuandikia kwa barua pepe, yasomeke vizuri."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu amwoe dada yake. Nasra alisikia machozi yanamjia.

"Nitukane basi, shemeji. Sema lolote. Niambie hata kupika sijui."

Stambuli alimtazama kwa adabu tupu.

"Hapana, Mwalimu," alisema, akasogea kando ampishe apite, kama mtu anavyompisha mama mkwe.